Mashine Iliyokataa Salamu za Baba

Mwaka ule baba yangu hakuwa akinisemesha. Hakuwa amenifukuza nyumbani. Tulilala nyumba moja kule mtaa wa Landless, Thika, tukala ugali wa sufuria moja, na sote wawili tulikuwa tumeandikwa kazi katika kiwanda kimoja cha blanketi pale Ruiru. Ila alikuwa amenifungia mdomo. Alikuwa amezunguka kwa watu wengi kunitafutia nafasi ya chuo cha ualimu, na mimi baada ya muhula mmoja nikatoka, nikaenda kusomea kompyuta katika chumba kilichokuwa juu ya duka la vyuma mjini Thika. Kwa baba hiyo ilikuwa sawa na kuacha ng'ombe wa maziwa ukaenda kufuga kasuku.

Kimya chenyewe ningekivumilia. Lakini mimi ndiye binti yake wa kwanza, na kwa desturi yetu ya Kikuyu nilipewa jina la mama yake, kwa hivyo tangu nikiwa mdogo aliniita maitu, yaani mama. Sikuwahi kumsikia akiniita vingine. Sasa nikawa "mtoto wako", na hayo alimwambia mama yangu nikiwa nimeketi hapo hapo mbele yao.

"Mwambie mtoto wako apunguze redio."

Mama ananigeukia. "Umesikia?"

"Mwambie nimesikia."

Nilitamani kuitwa maitu tena kuliko nilivyotamani mshahara. Ila nisingekubali kulisema hilo hata kwa kuchapwa, kwa sababu kiburi nilikirithi kwake na nilikuwa nakitunza vizuri.

Kazi yake kiwandani ilikuwa kuendesha usiku boila, tangi la mvuke wa kukaushia blanketi. Yangu ilitokana na uchovu wa meneja. Kila kikundi kikimaliza zamu kilitakiwa kuwaandikia wanaoingia mambo yaliyotokea: mashine gani inakwama, mkanda gani umekatika, rangi gani imekwisha. Mambo hayo yaliandikwa katika madaftari yaliyolowa grisi, na meneja akitaka kujua kitu ilibidi alifungue daftari kwa ncha za vidole kama anayebadilisha nepi. Akaamua yote yaingie kwenye kompyuta, mradi asinunue chochote.

Hapo ndipo nilipopata bahati. Mwalimu wangu wa kompyuta alikuwa amenipa sidii ya Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, pamoja na programu ya kuandikia mambo ya zamu, iliyotungwa na wanasayansi wa Ulaya kwa ajili ya maabara zao. Ilikuwa ya bure, na matumbo yake yalikuwa wazi, yeyote aliyeweza aliruhusiwa kuyasoma na kuyarekebisha. Meneja akaniuliza, "Bure kabisa? Basi lazima iko na ubaya mahali." Alikuwa amesema kweli, ila hata mimi sikujua ubaya wenyewe uko wapi.

Nikafufua kompyuta iliyokuwa imetupwa, nikaiweka katika kilichokuwa stoo ya nyuzi, nikavuta waya hadi chumba cha boila, hadi ukumbi wa kufuma, hadi ofisini. Kisha nikaanza kuhangaika na faili ya mipangilio, mistari mitupu ya maandishi ambamo koma moja ikipotea hakuna kinachowaka. Kwanza programu iliamini inaishi Ulaya, ikawa inasema watu wa asubuhi wameandika kabla hata hawajafika kazini. Nilipoihamishia Kenya, mama mmoja mfumaji wa kutoka Kamenu akaja kunishtaki: "Mimi nimeingia saa mbili. Hii kitu yako inasema saa nane. Unataka nikatwe mshahara?" Nikamweleza kuhusu saa za mashine. Akanisikiliza kwa huruma, kisha akaniambia niirekebishe.

Mwalimu wangu alikuwa amenifundisha kanuni moja ya kutafuta hitilafu, nami niliishika kama sala. Kabla hujagusa chochote, mwambie mtu arudie mbele ya macho yako kile alichofanya, neno kwa neno. Kanuni nzuri sana. Tatizo ni kwamba katika kiwanda kile hakuna mtu aliyewahi kufanya kitu. Ungekuta skrini imeganda, kibodi imemwagikiwa chai, na mwenye kikombe anakwambia, "Mimi sijagusa."

Hata hivyo shida kubwa ilikuwa salamu. Ukifungua programu ulikuta orodha, na kila andiko lilijionyesha kwa maneno yake ya kwanza tu. Bila shaka mwanasayansi wa Ulaya huanza na kilichoharibika. Ruiru hakuna mtu anayekurukia hivyo na habari mbaya. Meneja akafungua orodha siku moja akakuta: Habari ya asubuhi wote. Hamjambo wenzangu natumaini mmefika salama. Bwana asifiwe. Hiyo ya Bwana asifiwe, ukiifungua na kusoma mpaka chini kabisa, ilikuwa inasema mota ya mashine ya kusokota imetoa moshi.

"Hii ni kitabu ya kazi," meneja akaniuliza, "ama ni ya wageni wa harusi?"

Baba naye hakuwa nyuma. Nilisimuliwa kwamba anaandika kwa kidole kimoja, akiitafuta kila herufi kama mtu aliyeangusha sindano. Kwenye visanduku vya namba alijaza presha na kiwango cha maji, na kwenye kisanduku cha maelezo akaandika mstari mmoja: Habari ya asubuhi wote. Basi. Boila yake haikuwa na tabia ya kuharibika, kwa hivyo hakuwa na la kuongeza.

Asubuhi moja nilikuwa najaribu kitufe cha kujibu, na andiko lililokuwa juu kabisa lilikuwa lake. Nikabonyeza, nikaandika: Mzuri, Baba. Nilikuwa najaribu kitufe tu. Hivyo ndivyo ningemjibu yeyote ambaye angeniuliza kwa nini, na niliumia kidogo kwamba hakuna aliyeniuliza.

Siku iliyofuata meneja akaamuru salamu zitoke. Nikaandika kanuni katika mipangilio: mstari wowote unaoanza kwa habari, hamjambo, Bwana asifiwe au asalamu aleikum, ufutwe wote. Kabla ya hapo nilikuwa nimeweka kanuni nyingine, kwamba kisanduku cha maelezo kisikubaliwe kikiwa kitupu, maana vijana wa zamu ya jioni walikuwa wakikiacha hivyo ili wawahi kwenda nyumbani. Kila kanuni peke yake ilikuwa na akili. Nilijipongeza kwa mandazi mawili.

Wiki iliyofuata boila ikapotea kwenye orodha. Presha hakuna, maji hakuna, kana kwamba blanketi zote zilikuwa zinakauka kwa upepo wa mto. Meneja akaniita. "Mwambie mzee wako aandike. Asilete ukaidi." Nikaitikia vizuri sana, kama mtu anayezungumza na baba yake.

Jioni ile, baba akijiandaa kwenda kazini, nilimtumia ujumbe wa hatua tatu kutoka kiti changu hadi chake.

"Mama, mwambie anatakiwa aandike."

Mama akamtazama. Baba akaendelea kufunga kamba za viatu. "Mwambie nimeandika. Kila siku."

"Mwambie hakuna kitu imefika."

"Mwambie aulize mashine yake, si mimi."

"Ngai!" Mama alimwita Mungu, akaweka mwiko chini. "Nyinyi watu mtaniumiza kichwa. Ongeeni!"

Baba alichukua kofia yake akatoka, na mimi nikabaki nimekasirika. Niliamini kwamba sasa ameamua kunikomoa hata kazini, mbele ya watu, kwa kuidharau kazi yangu. Hilo liliniuma kuliko redio, na kuliko chuo cha ualimu chenyewe.

Kesho yake asubuhi nilimkuta mlangoni pa stoo. Zamu yake ilikuwa imekwisha lakini hakuwa ameenda nyumbani. Alikuwa na masizi shavuni, na kofia alikuwa ameishika mkononi, jambo ambalo halikuniashiria mema.

"Wewe," akasema.

Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu mvua za masika, na nilifurahi kiasi cha kukosa kusikia yaliyofuata. Ilibidi arudie.

"Nimesema, salamu yangu iko na makosa gani? Ulinijibu siku moja. Nikasema sawa, huyu amerudi. Halafu nikiandika tena mashine inaniambia hakuna kitu nimeandika. Naandika pole pole, inasema hakuna kitu. Kila asubuhi hakuna kitu. Sasa mtu akikataa salamu ya mzazi wake, hiyo ni nini?"

Hapo hapo nikaelewa. Kanuni ya kwanza ilikuwa inazifuta salamu zake, kisha ya pili inamlaumu kwa kuacha kisanduku kitupu, na ikimkataa inatupa presha na maji pamoja naye. Mashine nzima ilikuwa imepangwa kumkataa mtu mmoja tu, yule asiyekuwa na shida yoyote ila anataka kusalimia. Nami ndiye niliyeipanga. Ningeweza kurekebisha palepale bila kumuuliza chochote. Lakini nilimtazama, na ile kanuni ya mwalimu ikanijia.

"Baba, keti. Andika tena vile uliandika."

"Ukiniangalia?"

"Lazima nione."

"Vidole vimechoka. Andika wewe, nitakuambia."

Nikakaa mbele ya kibodi. Nje ya mlango, watu wa chumba cha rangi na wafumaji wa zamu ya asubuhi walikuwa wamekumbuka ghafla kwamba wana glavu za kutafuta mahali pale.

"Haya. Uliandika nini?"

Akakohoa. "Habari ya asubuhi."

Nikaandika. "Ni hiyo tu?"

"Si hiyo tu."

"Kama si yote, mimi siwezi kujua shida iko wapi," nikasema, uongo mtupu.

Akaangalia mlangoni, akaangalia kofia, akaigeuza mkononi. Mama wa Kamenu aliacha kujifanya anatafuta glavu.

"Habari ya asubuhi, maitu."

Niliandika. Nikabonyeza. Mashine ikajibu kwamba kisanduku cha maelezo hakiwezi kuwa kitupu.

"Unaona?" akasema baba kwa ushindi.

Nikasema naona, ingawa kusema kweli sikuwa naona vizuri. Nilifungua faili ya mipangilio, nikafuta ile kanuni ya salamu. Mstari mmoja mfupi ulinichukua muda mrefu kuupata kwa sababu herufi zote zilikuwa zinaogelea. Nikawasha programu upya, nikaandika tena maneno yake, nikabonyeza, na safari hii yakaingia yakakaa juu ya orodha, juu ya moshi na mikanda iliyokatika: Habari ya asubuhi, maitu. Meneja angenisumbua, na kweli alinisumbua, mpaka nikazipa salamu kisanduku chao. Lakini hayo yalikuwa ya baadaye.

"Imekubali," nikamwambia baba.

Hakuondoka. Alisimama nyuma yangu akingoja, na nikakumbuka kwamba salamu hujibiwa. Nikapeleka kidole kwenye kitufe cha kujibu.

"Si huko," akasema. "Mimi si niko hapa?"

Nikageuza kiti.