Viatu vya Osip

Fevronia Lukinichna, dobi wa mtaa wetu upande wa Vyborg, hakuwa mtu wa kusahau. Nimefua naye miaka kumi na mitano. Hata soksi aliyoibiwa zamani alimkumbuka mwizi wake.

Jumapili ile ya Januari 1905, mumewe Osip alikwenda na wenzake kumwomba Mfalme awapunguzie mateso ya kiwandani. Alibeba picha ya Mfalme kifuani. Askari walipoufyatulia umati, risasi ilitoboa picha kwanza. Polisi wakazizoa maiti na kuzifukia kwa siri, na msimamizi wa mkokoteni uliomchukua Osip alikuwa sajini wa kata yetu, Yerofei Savvich. Kila Januari Fevronia alimwendea kuuliza kaburi liko wapi.

"Mumeo kaenda kunywa chai na Mfalme," sajini alimjibu akicheka. "Akirudi nitakuita."

Miaka kumi na miwili! Katikati ikaja vita, ikammeza mwanawe wa pekee. Tukawa tunapanga foleni ya mkate kwenye theluji tangu alfajiri, tukifika dirishani tunaambiwa umekwisha. Februari 1917 sisi wanawake tukachoka, tukaingia barabarani. Wanaume wa viwandani wakatufuata. Siku ya tano askari walioamriwa kutupiga risasi wakageuka upande wetu, na sasa waliowindwa ni polisi.

Mchana huo sajini alijitoma chumbani kwa Fevronia, nami nipo. Kofia hana, jasho linamtiririka.

"Mama, nisitiri! Nipe nguo za kike nipite."

"Kaburi liko wapi?"

"Makaburi ya nje ya mji, kando ya ukuta wa reli. Hakuna msalaba, peke yako hulipati. Nikipona nitakupeleka mwenyewe, Mungu shahidi."

Nilidhani atawaita watu. Badala yake alimvisha sketi yake, akamfunga shali hadi puani.

"Haya, bi harusi. Inama kidogo, tembea taratibu."

Fevronia ni mfupi, sajini alikuwa mrefu. Sketi ilimwishia chini kidogo ya magoti, na buti za polisi zikawa nje, zinang'aa kama sufuria mpya. Chini ya kitanda vilikuwapo viatu kuukuu vya Osip, vile vya sufu vya baridi.

"Fevronia, buti zake," nikamnong'oneza.

"Nyamaza, Glafira."

Sajini akatoka, hakufika kona. Tulisikia watu wakipiga kelele, "Buti! Mtazameni buti!" Fevronia akafungua dirisha na baridi yote ile.

"Yerofei Savvich!" akapaza sauti. "Chai iko tayari!"

Walimuua palepale. Nilifurahi. Sioni haya kusema.

Mei nilimsindikiza makaburini. Ukuta ni mrefu, chini ni nyasi tupu, sawasawa mwanzo hadi mwisho. Alitembea na viatu vya Osip mikononi, akaenda, akarudi, hakujua aviweke wapi.

"Ungempa tu vile viatu," nikamwambia.

"Hata leo nisingempa," akajibu, akakaa kwenye nyasi, akalia kama aliyefiwa asubuhi ile.