Siku Nilipomwita Baba Fahali

Mimi nauza dawa za mifugo hapa Marani. Mtu akiingia dukani kwangu, hata awe nyanya aliyevaa rozari shingoni, hatuzungushi maneno. Ng'ombe amezaa na kondo la nyuma halijatoka? Chuchu imevimba? Fahali ameshindwa kupanda? Tunataja kila kiungo kwa jina lake mbele ya wateja wengine, kisha natoa dawa na kueleza inaingizwa wapi. Sioni haya hata chembe. Ndiyo maana nikisema kwamba mimi ni mtu wa haya watu hucheka mpaka wanashika mbavu.

Lakini kwetu Wagusii kuna kitu kinaitwa chinsoni. Ni haya na ni heshima, yote mawili kwa pamoja, na hukaa hasa kati ya mzazi na mtoto wake. Kijana akishatahiriwa haingii tena chumba anacholala baba yake. Hawaonani uchi, wala hawatajiani mambo ya chini ya kiuno, hata kwa mzaha. Na babu yako mnaweza kutaniana mpaka mchoke. Na baba? Thubutu! Nililelewa hivyo, na kusema kweli ilinifaa. Baba yangu si mtu wa maneno mengi, nami nikishaongea na wateja kutwa nzima hamu ya kuongea huwa imeniisha.

Mama alipofariki, baba alibaki peke yake katika nyumba yake. Mimi ndiye mtoto wake wa pekee. Nyumba yangu na mke wangu iko ng'ambo ya migomba, mwendo mfupi tu. Kila jioni nikitoka dukani nilipita kwake, tukaketi sebuleni, tukazungumza habari za majani chai, za ng'ombe na za mahubiri ya Sabato iliyopita. Halafu nikamuaga nikaenda zangu. Nilijihesabu mtoto mwema, na majirani walinisifu.

Kisha nikaanza kuona mambo. Kanisani baba aliinuka katikati ya mahubiri akatoka, akarudi, akatoka tena. Uji, ambao alikuwa haachi, akaanza kuukataa. Asubuhi moja nilimkuta nyuma ya migomba amesimama, mkono mmoja umeegemea mgomba, kichwa chini. Alisimama pale muda mrefu mno kwa mtu aliyekwenda haja ndogo, na alikuwa akiguna. Nilijua papo hapo. Mnyama akisimama vile mimi sihitaji kuambiwa. Nikakohoa ili ajue kuna mtu, nikageuka, nikarudi kwangu kunywa chai.

"Baba hajambo?" mke wangu akaniuliza.

"Hajambo," nikamwambia. Yeye ni mkamwana, chinsoni zinambana kuliko mimi. Ningemwambia nini?

Zikapita wiki nyingi. Ikafika siku moja mke wangu akanipigia simu dukani kwamba mzee hajala, hajatoka nje, amejikunja kwenye kiti. Nilifika nikamkuta jasho linamtiririka. Nikamuuliza shida nini. "Tumbo," akasema. Nikamwambia twende hospitali mjini. "Nikavuliwe nguo na watoto wa juzi? Siendi." Nikapandisha sauti. Nilimfokea baba yangu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nikamwita mkaidi. Akajishika tumbo tu.

Hapo nikakumbuka maneno ya muuguzi wa zahanati yetu. Zahanati ile haina daktari, lakini alikuwa amewatangazia watu kwamba sasa mgonjwa asiyeweza kutoka nyumbani anaweza kuonwa na daktari wa Nairobi kwa vidio ya simu. Nilimpigia, akatuunganisha. Nilijiona mjanja kweli! Hakuna kuvuliwa nguo, hakuna barabara yenye matope. Mzee angeongea na daktari mwenyewe, mimi ningesimama nje kwa adabu zangu, mambo yakaisha.

Mvua ikaanza. Nani asiyeijua mvua ya Kisii ya alasiri? Iliyaangukia mabati kwa kishindo, na ndani yake mna mawe ya barafu. Picha ya daktari, mwanamke mwenye miwani, ikatokea kwenye simu na kuganda mdomo wazi. Nikaiegemeza simu kwenye mkebe wa sukari, nikatoka barazani. Baba akaigusa, ikakata. Nikarudi, nikapiga tena, nikatoka tena, ikakata tena. Mara ya tatu daktari akasema, "Kaka, usitoke. Shika simu wewe mwenyewe, na utafute mahali penye mtandao."

Nikazunguka sebule ile kama kuku anayetafuta pa kutagia. Hakuna. Barazani mawe ya barafu yalikuwa yakirukia ndani. Ni sehemu moja tu ya nyumba ambako mtandao ulishika vizuri, nayo ilikuwa mlangoni mwa chumba cha baba. Kadiri nilivyosogeza mkono ndani, ndivyo sauti ya daktari ilivyozidi kusikika.

"Hapo hapo!" akasema. "Ingieni hapo."

Baba akanitazama. Nami nikatazama sakafu. Kisha akainuka, akapita mbele yangu polepole, akaenda kuketi kitandani kwake, akaelekeza uso ukutani. Nikaingia. Sikuwa nimekanyaga mle tangu utotoni. Kulikuwa na koti la mama bado limetundikwa mlangoni, na harufu ya mkojo. Masikio yaliniwaka moto.

"Mgonjwa anasumbuliwa na nini?" daktari akauliza.

"Tumbo."

"Tumbo sehemu gani?"

"Chini."

"Chini wapi? Mkojo unatoka vizuri?"

Nikajifanya sijasikia. Na mvua ilinisaidia kwa muda, kwa sababu akaanza kupaza sauti: "Nauliza, anakojoa?" Neno lile likajaa chumba kizima. Mke wangu aliyekuwa jikoni bila shaka alilisikia. Nilitaka ardhi ipasuke inimeze. Nikafungua mdomo kumuuliza baba, ukakataa. Ndipo ulimi wangu, uliozoea duka, ukajitafutia njia wenyewe.

"Daktari, tuseme kuna fahali."

"Kuna nini?"

"Fahali!" nikapiga kelele. "Amezeeka! Anataka kukojoa, mkojo hautoki. Unadondoka matone tu. Anasimama, anasukuma, anaguna!"

Nikadhani mtandao umekata.

"Kaka," akasema daktari, "mimi natibu binadamu. Wa mifugo sijui namba yake."

Nyuma yangu, uso bado ukutani, baba akasema kwa Kigusii, "Mwambie huyo fahali tangu jana hajatoa hata tone."

Nikatafsiri. Daktari akauliza, "Huyo fahali ana miaka mingapi?"

"Sabini na minane."

"Sawa. Nimeelewa." Wala hakucheka, Mungu ambariki. Akauliza yote kuhusu fahali: kama mkojo uliwahi kuwa na damu, kama anaamka usiku, kama ana homa. Baba aliujibu ukuta, nami nikamjibu daktari. Tukaenda vizuri mpaka akasema anataka kuona tumbo, chini ya kitovu. Baba akainua shati. Nami nikafumba macho na kunyoosha mkono.

"Naona mabati tu," akasema daktari. "Shusha. Shusha zaidi. Hapo sasa naona ukuta. Kaka, umefumba macho?"

Nikayafumbua. Tumbo la baba lilikuwa limetuna pale chini, gumu na linang'aa kama boga. Na yeye alikuwa amejifunika uso kwa viganja vyote viwili.

"Kibofu kimejaa mno," daktari akasema. "Huyu hawezi kungoja kesho. Mpelekeni hospitali sasa hivi akawekewe mpira wa kutoa mkojo. Sasa hivi, kaka, mvua au si mvua."

Safari hii baba hakubisha. Jirani mwenye gari alitupeleka mjini. Walipomwekea mpira nilikuwa nje ya pazia, nikamsikia akishusha pumzi ndefu na kumshukuru Mungu. Daktari wa pale akaniambia ni tezi dume, imekua ikabana njia.

Basi, mzee alirudi nyumbani na mpira wake na mfuko wake, nami nikageuza habari ile kuwa kichekesho. Niliisimulia dukani sijui mara ngapi. Nikifika kwenye "wa mifugo sijui namba yake," wateja walikuwa wakiangua kicheko, na mimi nikicheka nao, nikijiona nimeokoa mzazi kwa akili yangu. Nilifurahia sana kusimulia ile hadithi.

Baada ya vipimo vya damu na picha za figo, daktari yule yule wa Nairobi akatupigia kwa vidio. Ilikuwa asubuhi, hakuna mvua. Baba alikuwa amejilaza, nami nikaketi kwenye kigoda kando ya kitanda, nikashika simu ili sote wawili tuonekane. Nilikuwa nimejiandaa kumtania kuhusu fahali wetu. Uso wake ukanizuia.

"Majibu yamenifikia," akasema. "Figo moja imekufa. Ya pili imeumia, na tutaichunga sana, lakini sitaki kuwadanganya. Mkojo ulikuwa ukirudi nyuma kwa muda mrefu. Tungempata mapema, pengine vidonge vingetosha." Kisha akamwita baba moja kwa moja. "Mzee, hii shida ilianza lini?"

Baba anajua Kiswahili. Ujana wake aliumalizia kwenye mashamba ya chai ya Kericho, kati ya watu wa kila kabila. Akamjibu mwenyewe.

"Mama yake alikuwa bado hai. Huyo ndiye nilimwambia."

"Na baada ya yeye kufariki? Hukumwambia mtu mwingine?"

"Ningemwambia nani?" akasema baba. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayeeleza njia kwa mgeni. "Niko na mtoto mmoja tu, na mambo haya mtoto haambiwi."

Nilitamani kutoka nje nikimbie, lakini simu ilikuwa mkononi mwangu na bila mimi ingekata. Kwenye kona ya kioo cha simu niliuona uso wangu, mdogo, mdomo umening'inia, na nyuma yake baba anatazama dari. Niliona aibu, na haikuwa ile aibu ya masikio kuwaka. Miezi yote ile nilikuja kila jioni, nikaketi hatua chache kutoka alipokuwa akifa, nikamuuliza habari za ng'ombe.

"Kaka," daktari akaita, "bado uko?"

"Niko."

Nikamgeukia baba. Nikamuuliza kwa Kigusii, nikitaja kiungo kwa jina lake hasa, kama anaumia pale mpira ulipoingilia.

Alifumba macho. Nikadhani nimemvunjia heshima, nikataka kumwomba radhi.

"Panauma," akasema. "Panauma sana."