Mama Mkubwa Alipotembezwa Kahama

Mavuno yalipokwisha, mtaa wetu wote wa Nyasubi ulinuka pumba. Mashine za kukoboa mpunga zilinguruma tangu asubuhi, na vumbi lake jepesi likatua kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye sufuria, hata kwenye kope zetu. Ndio wakati ambao ndugu za mama walikuja kutoka Ushirombo na magunia yao, wakauza mpunga, kisha wakataka kutembezwa mjini. Baba alikuwa dukani na vitenge vyake, mama jikoni, shule zimefungwa. Kwa hiyo kazi ya kutembeza wageni ikawa yangu. Nilikuwa na miaka kumi hivi, na likizo ilipofika katikati nilikuwa hoi. Njia ilikuwa ile ile: stendi kutazama mabasi makubwa ya Dar es Salaam, jengo la ghorofa, chipsi na soda baridi, banda la video, na mwisho studio, kupiga picha mbele ya ukuta uliochorwa maporomoko ya maji. Kila mgeni alishangaa pale pale aliposhangaa mwenzake, nami nikajibu maswali yale yale huku nyayo zikiniwaka moto.

Mwaka huo alikuja mama mkubwa Veneranda, dada yake mama. Mumewe, baba mkubwa Deusi, alikuwa ameondoka kwenda kuchimba dhahabu upande wa Katoro, huko Geita, na tangu hapo yeye na wanawe walikuwa wamelima na kuvuna bila kupata hata salamu yake. Kule kwao ilivuma kwamba amefukiwa shimoni. Wakwe zake walitaka matanga yafanyike kabla ya mvua, shamba ligawanywe, yeye arudi kwa wazazi wake. Haya niliyasikia yeye na mama wakichambua mchele uani.

"Nitamlilia vipi mtu ambaye sijaonyeshwa hata kaburi lake?" alisema mama mkubwa.

Mama aliniita, akasema, "Zuhura, kesho mtembeze mama yako mkubwa, apumzishe moyo."

Alikuwa mgeni mgumu. Pale stendi hakujali mabasi. Alitazama watu waliokuwa wakishuka, hasa basi la Geita lilipoingia. Penye ghorofa hakuinua hata shingo. Soda yake ilipata moto mkononi. Ndani ya banda la video aliipa televisheni kisogo, akapitia nyuso za wanaume kwenye mabenchi mmoja mmoja, hadi mmoja wao akamuuliza, "Mama, umepotelewa na nani?" Mimi nilinuna. Nilijiona nimetembea jua lote lile bure, kwa mtu asiyetaka kuona chochote.

Studio ilikuwa chumba kimoja chenye pazia, na mwenyewe alikuwa Msukuma mchangamfu. "Mwangaluka, mayu! Karibu ukae," alimwamkia kwa Kisukuma, akimwita mama. Mama mkubwa alikuwa amesimama mbele ya ubao uliobandikwa picha za wateja. Nikasogea nione anachotazama. Ilikuwa picha ya baba mkubwa Deusi, amenenepa, na shati jipya, mkono wake begani kwa mwanamke aliyepakata mtoto mchanga.

"Huyu unamfahamu?" mama mkubwa alimuuliza mpiga picha.

"Yule wa Katoro? Mteja wangu huyo. Huja na mkewe kununua bidhaa. Hiyo walipiga juzijuzi, mtoto alipotimiza arobaini."

Nilidhani atapiga kelele. Badala yake alikaa kwenye kiti, akakifungua kilemba chake, akakifunga upya taratibu, kisha akasema, "Nipige na mimi." Alipokwisha kupigwa akasimama. "Ikitoka usinipe. Ibandike pale, karibu na yake."

"Kwani mnajuana, mayu?"

"Akija atakueleza mwenyewe."

Hatukufika mbali. Aliomba tukae kwenye ngazi ya duka lililofungwa, akalia bila sauti, khanga mdomoni. "Kila Jumapili nilimwombea kanisani awe mzima," alisema. "Kumbe nilikuwa nasikilizwa." Nikamshika mkono, naye akaubana mpaka ukaniuma.

Alirudi Ushirombo akawaambia wakwe zake kwamba hakuna matanga, mtoto wao yupo hai, na shamba haligawanywi. Alilima peke yake, akasomesha wanawe. Baba mkubwa aliiona ile picha. Mpiga picha alimwambia baba yangu kwamba mwenzake huyo aliitazama kitambo, akatoka bila kuaga, na hakukanyaga tena pale. Ushirombo pia hakwenda.

Siku hizi Kahama ina maghorofa ambayo hakuna anayeyashangaa. Wageni wangu hushuka na simu zao, hukodi bodaboda, hujitembeza wenyewe, na jioni hunionyesha mji wangu kwenye kioo kidogo. Duka la vitenge sasa ni langu, na nikifunga, miguu imevimba, huwa sina hata hamu ya kuuliza wameona nini. Mavuno haya mama mkubwa alikuja kutibiwa magoti. Wanangu walitaka kumpeleka akale kuku, akaone taa za barabarani. "Niacheni, wajukuu zangu," aliwaambia, "mimi nimechoka." Nikamtandikia mkeka barazani, nami nikajilaza kando yake. Watoto walitusubiri, wakakata tamaa, wakaondoka peke yao. Sisi tulibaki tumenyoosha miguu tu, na hakuna aliyetuuliza tunamtafuta nani.