Nani Alikuwa Anafua Jezi

Mimi ni mtu wa kujigamba, na kwa hilo siombi msamaha. Jumapili moja hapa Karagita, Naivasha, nilimfuata mama kwenye kamba za nguo, simu mkononi, nikamsomea jinsi klabu yangu ya Uingereza ilivyoanza. Vijana wa karakana walichanga wakanunua mpira. Walicheza kwenye matope, wakabadilishia nguo nyuma ya baa, na jezi za kwanza wakapewa na timu nyingine iliyowaonea huruma. Leo dunia nzima inawajua.

Mama ndiye mama fua wa ploti yetu, anayewafulia wapangaji wote. Alikuwa ameinamia beseni, povu hadi viwikoni.

"Na hizo jezi zilikuwa zinafuliwa na nani?"

Nikatafuta, juu hadi chini. Walionunua mpira walitajwa, hata mwenye baa alitajwa. Mfuaji hakuwepo.

"Basi hiyo hadithi haijaisha," akasema, akaikamua suruali yangu mpaka nikaihurumia.

Nilikasirika, nikaapa kumwonyesha jinsi timu inavyoanzishwa. Niliwashawishi wenzangu kumi wa ploti, sote tukifanya kazi kwenye shamba moja la maua, tukachanga tukanunua mpira. Jezi hatukuwa nazo, lakini kila mmoja alikuwa na fulana ya kijani ya kazi, na zote zilipita mikononi mwa mama. Tukaalika vijana wa mtaa wa Kamere kwa mechi yetu ya kwanza. Nilitangaza kila kona, hata kanisani.

Kamere walifika kwa wakati, wamevaa fulana za kijani za kazi. Shamba lile lile! Kumbe nao walikuwa wamewaza kama sisi, na hakuna aliyefikiria kuuliza.

Refa alikuwa mwalimu mstaafu asiyejua mzaha. Kucheza vifua wazi alikataa, kwa kuwa kina mama wa kanisa walikuwa wamekaa pale pembeni.

"Hawa ni wageni, hawabadilishi," akaniambia. "Nyinyi nawapa dakika tano. Zikiisha, naandika mmeshindwa."

Timu yangu ilikuwa inakufa kabla ya kugusa mpira, mbele ya nusu ya Karagita niliyoialika mwenyewe. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Mama akaingia uwanjani, leso kiunoni.

"Vueni. Geuzeni ndani nje."

Mama huanika nguo zikiwa zimegeuzwa, ili jua lisichome upande wa kuonekana. Kwa miezi mingi jua la Naivasha lilikuwa limekula rangi ya upande wa ndani. Tulipozigeuza, tulitoka na rangi ya majani ya katikati ya kabichi, kumi na mmoja sawasawa, kwa kuwa mkono uliotufulia ulikuwa mmoja.

Refa akapuliza kipenga. Tulifungwa matatu kwa moja, na hilo moja nitalisimulia mpaka nizikwe.

Jioni nilifungua daftari la timu, ukurasa wa waanzilishi. Wa kwanza nilikuwa nimejiandika mimi, kapteni. Nikalikata jina langu. Nikamwandika mama juu yetu sote, na kando yake kazi yake: kufua. Nikampelekea.

Akapangusa mikono, akasoma polepole, akarudia.

"Sawa," akasema. "Siku mtu akiuliza, ataona."