Furushi la Shangazi

Wageni wakisikia kilima chetu kinaitwa Nitwike, hucheka. Wacheke tu. Wapande kutoka sokoni na gunia la mahindi kichwani, siku ya matope, pikipiki zote zimegoma, wafike pale kwenye kona magoti yanatetemeka, ndipo wataelewa. Hapo lazima utue. Kutua ni rahisi. Kuurudisha mzigo kichwani peke yako ndiyo kazi.

Zamani pale kwenye kona palikuwa na nyumba moja tu, ya Shangazi. Si shangazi yangu wa damu, ni wa kilima kizima. Mumewe alifariki akamwachia kishamba na mtoto mmoja wa kiume. Akina mama walitua mizigo uani kwake, wakishapumua wanaita, "Shangazi, nitwike!" Naye anatoka, unga mikononi, anashika upande wa pili, "Haya, hoo!" mzigo uko kichwani. Akikuona umejibebesha kupita kiasi, utakoma. "Hata punda hupumzika, mwanangu!" Watu wakawa wanaagana, tukutane Nitwike. Likaja duka, ikaja mashine ya kusaga, nikaja mimi na cherehani yangu, jina tukalikuta.

Mwaka huu mikono yake ikaanza kumgomea. Siku moja alikuwa akimtwika mke wa mwenye duka ndoo ya mafuta, mkono ukalegea, mafuta yote chini. "Si kitu, Shangazi," yule mama akasema, "ajali haina kinga." Lakini Shangazi aliingia ndani akafunga mlango. Kesho yake akaniambia anahamia kwa mwanawe, bondeni.

"Kisa mafuta?" nikamuuliza.

"Kisa mikono. Mtu asiyeweza kumtwika mwenzake anakaa Nitwike kufanya nini?"

Nilibishana naye mpaka sauti ikanikauka. Niliumia, sisemi uongo. Lakini mkaidi yule, ukimvuta huku anakwenda kule.

Asubuhi alishafunga godoro, sufuria na nguo kwenye furushi moja, la kumshinda hata kijana. Akalikokota mpaka uani, akaweka ngata kichwani, akasimama wima.

"Fundi, nitwike."

Nikainamia cherehani, nikaikanyaga kwelikweli, wala kitambaa hamna. Akamwita msagaji. Msagaji akajishika sikio, eti mashine ina kelele, hasikii. Mke wa mwenye duka akatoka mlangoni, akakunja mikono.

"Nitwikeni, jamani! Nyote nimewatwika, na mama zenu nimewatwika!"

"Ndiyo maana, Shangazi," akasema mke wa mwenye duka. "Hatukutwiki."

Weee! Alitutukana! Alitutukana mpaka jasho likamtoka, kisha akakaa juu ya furushi lake akalia. Na mimi nikalia pale pale kwenye cherehani.

Hajanyamaza, akatokea mama mmoja na mzigo wa kuni. Akatua, akahema, akasema kama kawaida, "Shangazi, nitwike."

Shangazi akaitazama mikono yake. Akapangusa machozi kwa khanga, akapaza sauti, "We msagaji! Toka huko umtwike mwenzio! Na wewe Fundi, acha kushona hewa!"

Tulitoka mbio. Msagaji, kiziwi wetu, ndiye aliyefika wa kwanza.

Yule mama alipokwisha kwenda zake, Shangazi akalipiga furushi teke.

"Na hili nalo," akasema, "lirudisheni ndani."