Mashine Iliyochimba Uso wa Marehemu

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa patasi, nilipewa fagio. Ilikuwa 1979, muda mfupi kabla ya serikali ya jeshi kuanguka, kwenye karakana ya seremala pale Awindiri, mjini Arua. Shule niliiachia darasa la tatu, kwa hiyo msitafute hapa maneno ya chuo. Fundi Mkuu alinitazama nikifagia, akasema, "Wewe iko na mkono. Lakini mdomo pia iko. Tutaona gani itashinda."

Vita vilipofika tulivuka kwenda Kongo, nikachonga viti vya watu kwa malipo ya muhogo. Nilirudi miaka ya themanini, nikafanya kazi Koboko chini ya Msimamizi wa Ujenzi wa parokia, mtu asiyecheka hata Pasaka. Nilimchongea milango ya makanisa: zabibu, samaki, mikate, vyote vikiwa vimeinuka juu ya ubao. Mchongo wa kuinuka una kanuni yake. Huchongi samaki. Unaondoa mbao inayomzunguka, mpaka samaki abaki juu peke yake.

Miaka ya tisini ikielekea mwisho, mradi mmoja ulifungua karakana Arua na kuleta mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta. Wachongaji wenzangu waliikimbia kama ugonjwa. Mimi nilikwenda kuomba kazi. Meneja akauliza cheti changu kiko wapi. Nikamwambia, "Umekiegemea." Mlango wa ofisi yake niliuchonga mimi. Akaniandika.

Kazi yangu ikawa kutayarisha picha. Vijana wa leo mnadhani picha inaingizwa tu kwenye mashine kama nguo kwenye beseni. Uongo! Mashine haioni pua wala jicho, inaona weupe na weusi tu. Palipo peupe, kisu kinapita juu juu. Palipo peusi, kinazama. Kijivu ni katikati. Kwa hiyo picha ya kamera haifai ilivyo. Lazima uipake upya kwenye kompyuta, ukijiuliza kila mahali: hapa pako juu au pako chini? Kivuli kilicho chini ya pua unakifuta, maana kivuli si shimo. Chembe za picha ya zamani unazilainisha, la sivyo mbao inatoka na chunusi. Nyuma ya kichwa unapaka nyeusi yote, pashuke, ili sura isimame. Uso mmoja ulinila siku kadhaa, na Meneja aliuita huo uvivu.

Ndipo akaja Mama Keji, mjane kutoka Kuluba, upande wa Koboko, na picha ya mumewe ndani ya kitambaa. Lazima mwelewe picha hiyo ilikuwa nini. Mwaka ule wa vita askari wa serikali iliyoanguka walisakwa pamoja na jamaa zao, na watu wengi wa Koboko walichoma picha zao. Kama baba yako alivaa gwanda kwenye picha, picha ingeweza kukuua. Mume wa Mama Keji alikuwa dereva wa jeshi, na hakurudi. Ilibaki picha moja tu, kwa sababu humo alivaa shati jeupe la kawaida. Sasa ilikuwa imeanza kupasuka usoni. Alitaka ichongwe kwenye mvule, mbao ambayo mchwa hushindwa nayo.

Wiki hiyo walikuwa wanakuja wageni, wale wenye pesa za mradi. Meneja aliona mjane na mashine, akaona sherehe. Akachukua picha, akainakili kwenye kompyuta, akataka kuituma kwenye mashine moja kwa moja.

"Hiyo haijatayarishwa," nikasema.

"Mzee, wewe iko na maneno mingi. Kompyuta inajua."

Akaituma. Ikajua kweli! Marehemu alikuwa mweusi, weusi wa kung'aa. Mashine ikausoma weusi wake kuwa kina, ikachimba. Mashavu yakawa bakuli, paji la uso likawa kisima, na kutoka mle shimoni yakatokeza meno na weupe wa macho kama kokoto. Shati lilisimama juu ya yote kama mlima. Meneja akaniamuru nigeuze rangi, nyeusi iwe nyeupe na nyeupe iwe nyeusi. Nikageuza. Nywele zikapanda kama chungu kilichofunikwa kichwani, na macho yakawa matundu mawili.

Hapo Meneja akafanya jambo ambalo mpaka leo linanipandisha damu. Alifungua nyuso za mfano zilizokuja na mashine, zilizotayarishwa tayari huko zilikotoka, akachagua mwanamume mmoja mwenye pua nyembamba kama ukingo wa patasi na nywele za kulala.

"Weka huyu. Ongeza masikio kidogo."

"Huyo si mume wake."

"Mama ya kijijini atajua nini? Atafurahi. Wageni iko njiani."

Nilikataa. Akaituma mwenyewe.

Wageni wakafika. Mama Keji akaja na mwanawe Lemi, mtu mzima mwenye watoto. Kitambaa kikavutwa, watu wakapiga makofi. Mama akausogelea ule ubao.

"Mama, sema asante kwa wageni," Meneja akamhimiza.

"Asante, wageni. Hii mutu iko mzuri," akasema. "Sasa mnipatie, nipeleke kwa mke yake. Pengine huko wanamtafuta."

Meneja akawatafsiria kwamba mama amefurahi mpaka amekosa maneno. Wakapiga makofi tena. Niliuma meno yangu, nusura yavunjike.

Magari yao yalipoondoka, Mama Keji alinifuata kwenye kompyuta. "Fundi, picha yangu iko wapi?"

Nikampa. Nikamwambia ukweli: picha inanionyesha rangi ya mumeo, hainionyeshi wapi alipanda na wapi alishuka, na mimi sikumjua. Akamkalisha Lemi kwenye kigoda, akaweka vidole usoni pake.

"Huyu amebeba uso ya baba yake, kasoro hapa na hapa. Mfupa ya shavu, pandisha. Bado. Pandisha. Pua, shuka polepole, halafu fungua."

"Mama, unaniumiza."

"Nyamaza. Leo si wewe."

Kidole chake kilipopanda, nikapaka weupe. Kiliposhuka, nikatia kijivu. Ngozi yenyewe, ile rangi, niliitupa yote, nikabakiza mifupa na nyama. Kisha nikafunga ubao wa mvule, nikawasha jenereta.

Meneja akatoka ofisini mbio. "Nani amewasha hiyo?"

"Mimi."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya marehemu."

Alitaka kuzima. Lemi akasimama mbele ya swichi, na Lemi ni mtu mrefu. "Basi hiyo ndiyo ya mwisho kwako, Mzee," Meneja akasema. "Ikiisha, usirudi." Nikamjibu kwamba kisu kiko kwenye pua, asinipigie kelele.

Kazi ilipokwisha nilipuliza vumbi, nikamsogezea Mama Keji. Alifumba macho, akapitisha kidole kwenye paji, shavu, pua. Kwenye mdomo akasimama. Nikaogopa.

"Huu mdomo," akasema, "iko namna hii akitaka kunidanganya." Akacheka, akaupiga ubao kofi dogo. "Wewe mutu, wewe!"

Lemi akaufunga kwa kanga ya mama yake, wakaondoka nao kwenda Kuluba.

Hivyo ndivyo nilivyostaafu, bila soda wala hotuba. Nalima muhogo huku kijijini Ajia. Meneja alipanda cheo, na kalenda ya mradi ilitoka na yule mwenye nywele za kulala. Siku hizi mnanijia na simu zenye nyuso zilizotayarishwa tayari, simba wasioishi huku, maua tusiyopanda, mnaniuliza kwa nini sizitaki. Hakuna kati yenu anayeuliza uso ni wa nani. Mnauliza tu kama mbao itatoka laini.

Tena mnanihurumia. "Mzee, uliacha kazi nzuri kwa sababu ya uso mmoja?" Huruma yenu kaeni nayo. Nijibuni kwanza: yule mama alikuwa amebakiwa na nyuso ngapi?