Vifaru Vyangu Vilivyoposa Mirontsy

Aibu hii nimewaficha nyinyi wa Moroni miaka yote, lakini kwa kuwa shemeji yangu amekwisha kuwasimulia nusu yake (na nusu yenyewe ya uongo), bora mnisikie mwenyewe.

Mwaka ule sisi wa kisiwa cha Ndzuani tulipojitenga na nyinyi, nilikuwa Mutsamudu nakodisha spika za harusi, na nimeposa mji jirani wa Mirontsy kwa binti anaitwa Zaliha, ambaye baba yake, mwalimu wa Kurani, alikuwa hajasema ndiyo wala hapana. Basi akanijia kapteni wa wanamgambo wetu: wanajeshi wa Moroni wanasemekana watatua kiwanja cha ndege cha Ouani, na gari la jeshi tunalo moja tu, lile lori la kubebea maji na mchele, kwa hiyo nilifunge spika lingurume kama vifaru, wadhani tuko wengi. Kichwa kikanivimba! Nikarekodi katapila la bandarini pamoja na lori lenyewe, na wallahi ukifumba macho ungeapa vifaru sita vinakuja.

Kosa lilikuwa kaseti. Meli hazifiki, madukani hakuna kaseti mpya, nikachukua ile niliyomsemea kaka yangu wa Moroni (barua zetu tulizisema kwenye kaseti, nani ana subira ya kuandika?), nayo ilikuwa imekwama kwangu kwa kukosa meli. Nikarekodi ngurumo juu yake, robo saa tu, nikajiambia zinatosha.

Zilitosha kutufikisha Mirontsy, mbele ya msikiti, watu ndio kwanza wanatoka sala ya alasiri. Kapteni yuko mbele na redio ya kaseti, mimi nyuma nimekumbatia spika. Vifaru vikanyamaza, ikatoka sauti yangu: "Kaka, mzee mwenyewe mkavu kama pweza wa kuanikwa! Na lile joho la posa niliazima, usimwambie mtu!"

Nikagonga bodi. Sasa, tulikuwa tumekubaliana nikigonga, kapteni aongeze sauti, maana kule mbele kwa kelele za injini hasikii kitu. Nikagonga kwa ngumi, akaongeza. Nikagonga kwa kiatu, akaongeza mpaka mwisho.

"Lakini Zaliha, kaka, nikimkosa huyu, nimekwisha," spika ikalia, karibu na machozi.

Kapteni aliposimamisha lori kuuliza watu wanacheka nini, ndipo akazima. Mzee mwenyewe, baba yake Zaliha, akaja taratibu na tasbihi yake hadi kwenye pipa nililojificha nyuma yake.

"Shuka, Hamadi. Joho la watu umerudisha?"

"Nimerudisha, Fundi." (Ndivyo tunavyowaita walimu wetu wa dini.)

"Basi njoo tena na lako. Pweza atakupokea."

Zaliha nilimwoa. Wanajeshi hawakutua siku ile, aliyeogopa vile vifaru ni mimi peke yangu, na nimeapa siri yangu haitakaa tena karibu na kaseti. Lakini kapteni alimsimulia mzee kila kitu, na hadi leo tukila kwake, nikithubutu kumnong'oneza mke wangu neno, mzee hugonga sinia na kungoja niongeze sauti.